Watasema Hatakungoja

Mwanangu Zuhura,

Sianzi kwa kukuuliza hali, kwa sababu uko hapo tu nyuma ya ua, kwa shangazi yako, unasukwa nywele za safari, na upepo ukigeuka nasikia mnavyocheka. Mimi nimekaa kwenye kibao cha jikoni, karatasi juu ya sinia, na yule mbwa wako Watasema amelala miguuni pangu. Habari za mizigo, za chakula cha njiani na za kutolala usingizi mzito kwenye treni sitaziandika. Shangazi yako ameshakwambia zote, na zilizobaki atazisema kesho hata pikipiki ikiwa imeshawashwa. Mimi nina jambo moja, nalo sikulisema jana.

Jana, ulipomaliza kumlisha, ulinigeukia ukasema: "Mama, utanichungia Watasema mupaka nirudi na udaktari wangu? Uniahidi." Nikajibu inshallah. Ukafurahi, ukamkuna masikio, ukaenda kuoga.

Wewe umezaliwa Kasongo, unajua kwamba inshallah ziko za namna nyingi. Iko ya mtu aliyetia nia, na iko ya mwenye duka anayekuambia sukari itafika. Yangu ya jana ilikuwa ya mwenye duka. Niliuogopa uso wako, basi. Jibu la kweli ni hapana. Masomo ya kutibu wanyama ni ya miaka, na huyu hapa siku zake zinahesabika. Nakuandikia hivyo mapema usije ukasoma ukurasa baada ya ukurasa ukitafuta tumaini. Halimo. Nimelitafuta kabla yako.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapa, maana mengine uliyaona ukiwa mdogo ukayaelewa kwa akili ya utoto.

Babu yako, baba yangu, alimleta Watasema kutoka kijijini kwetu Wamaza ndani ya kapu la miwa, mwaka ule baba yako alipofariki. Alikuja kwa miguu, siku za mvua, akakuwekea mtoto wa mbwa mapajani. Alisema nyumba iliyopoteza mwanamume isikose wa kulinda. Jina alilitoa yeye mwenyewe huku akicheka, kwa sababu alijua amemleta mbwa katika nyumba ya Waislamu wa mjini, watu wa ukoo wa zamani, na alijua majirani hawakosi maneno.

Sasa jua hili kuhusu mama yako. Mimi ni mtoto wa mwindaji. Kwetu mbwa wa kuwinda analala motoni, kwenye majivu yaliyopoa, na wakati wa baridi sisi watoto tulikuwa tunajibana naye. Niliposilimu nikaolewa Kasongo, nikawa mkali kuliko waliozaliwa ndani ya dini. Kanga yangu ilifunika kuliko za wote, chungu changu kilisuguliwa kuliko vyote. Na baada ya baba yako kufa hofu ilizidi. Nililala kila siku nikiwaza kwamba bibi yako, mama wa baba yako, ataamka asubuhi aseme: huyu mjane wa porini sasa arudi kwao na mbwa wake. Na ningekwenda wapi na wewe?

Kwa hiyo nilimweka Watasema nje. Hakuna aliyeniagiza. Niliwahi kumuuliza sheikh wa mtaa, akanijibu vizuri kwamba mbwa wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa, tujihadhari tu na mate yake. Niliona jibu hilo ni jepesi mno kwa mwanamke mwenye hofu kama yangu. Nikamweka chini ya paa la nyuma, mahali maji ya bati yanapomwagikia. Na kila Alhamisi jioni nilimmwagia ndoo ya maji ya kisimani ili Ijumaa isimkute na uchafu. Nilimwosha mbwa kama chungu, halafu nikamwacha alale amelowa. Miaka yote uliyokuwa shule ya msingi alilala hivyo.

Babu yako alikuja mara moja akaliona. Alisimama pale nyuma muda mrefu, fimbo mkononi, matone yakimpiga begani. Akaniambia, "Imbwa ya mupori inalala pa moto, mama. Weye mwenyewe ulilala nayo."

Nikamjibu kwamba huku ni mjini. Hakurudia tena. Mwaka uliofuata alikufa, na hilo ndilo neno la mwisho la maana nililomjibu baba yangu.

Wakati wa kiangazi mjomba wako Kalume alikuwa anakuja kumchukua Watasema kwenda naye kuwinda, na wewe ulikuwa unalia mpaka arudi. Alikuwa mbwa hodari, Kalume mwenyewe hasifu kitu ovyo lakini yeye alimsifu. Halafu mwaka mmoja alimrudisha kabla ya wakati. Alisema mbwa anaamka mgumu, anachelewa kunyanyuka, mguu wa nyuma anauburuta mpaka jua lipande. Nilijua ni nini. Nilikuwa namwona kila alfajiri nikienda kutawadha, anavyojiinua kwa miguu ya mbele kwanza, halafu anasimama kidogo akifikiria kiuno chake. Niliona na nikapita.

Papa Tangawizi unamkumbuka. Yule mzee Mchina aliyekuwa fundi wa mashine ya dhahabu kule upande wa Kabambare, akawa anakuja sokoni kwangu kununua tangawizi kwa kapu zima, ndipo watu wakampa jina hilo. Wewe ndiye uliyemfikisha nyumbani. Ulimfuata sokoni ukamvuta mkono, mtoto huna haya, kwa sababu ulisikia kwamba alimchoma sindano dereva wao mgongoni akainuka. Nilikugombeza. Yeye akacheka, akasema kwao baba yake alikuwa anatibu nyumbu na nyati wa kulima, na mbwa ni mnyama mdogo, hapana shida.

Alipomkagua Watasema alipiga magoti pale pale kwenye tope. Alipitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akakunja mguu wa nyuma taratibu akausikiliza kama mtu anayesikiliza mlango, akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Akasema, "Mama, baridi iko ndani. Ndani ya mufupa. Mvua mingi."

Nilimwacha hapo nikaenda kujifanya napanga magunia. Wewe ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nalia, Zuhura, kwa sababu mtu kutoka upande wa pili wa dunia alikuja kurudia neno la baba yangu mbele ya bati lile lile. Hata sisi ugonjwa huu tunauita baridi yabisi. Jina nilikuwa nalo mdomoni siku zote na sikulisikia.

Basi tukaanza. Sindano zake nyembamba kama unywele, wewe ukizihesabu asije akasahau moja mwilini. Mbili nyuma ya ubavu wa mwisho, huku na huku ya uti wa mgongo. Nyingine kwenye shimo la nyonga, nyingine chini ya goti upande wa nje, na ndogo kabisa pale kwenye kano ya kisigino. Nilitegemea mbwa atamng'ata. Badala yake Watasema alipiga miayo, macho yakalegea, akalala na sindano zake mgongoni mpaka wali ukaiva. Kisha Papa Tangawizi aliwasha lile fungu la majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akalisogeza karibu na nyonga bila kugusa ngozi, joto likaingia polepole. Ua mzima ukanuka kama shamba linalochomwa.

Halafu dawa ya kunywa. Mizizi iliyokatwa vipande, na lile ganda la mti ambalo ukilivunja linavuta nyuzi nyeupe kama utomvu wa mpira. Tulichemsha kwenye chungu cha udongo mpaka maji yakawa meusi, tukayachanganya na mchuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu bila ndagala hata mbwa ana akili ya kukataa uchungu ule. Na agizo la mwisho, ambalo Papa Tangawizi alilisema huku ameshika kichwa chake kwa mikono miwili akiigiza usingizi: alale pakavu, alale karibu na moto.

Jioni ile nilimwingiza jikoni. Bibi yako alikuwa kwenye mkeka wake, anavuta tasbihi. Nilisimama mbele yake kama mwizi, nikaeleza kwamba ni dawa, kwamba nitatenga vyombo, kwamba nitanawa kwa udongo na maji kama inavyotakiwa. Alinitazama kwa mshangao kabisa.

"Nani alikukataza? Miye sikusemaka kitu. Nilizani ni vile munafanyaka kwenu."

Alidhani kwetu Wamaza ndivyo tunavyowafanya mbwa. Miaka yote ile. Mimi naogopa neno lake, yeye anaheshimu desturi yangu, na mbwa analowa katikati yetu. Sikuwahi kumuuliza. Ungeniambia wakati ule kwamba naweza kuuliza, ningekuona mtoto asiyejua maisha.

Wiki chache baadaye bibi alimwona Watasema anapanda kizingiti bila kusita, akanyoosha miguu yake mwenyewe mbele ya Papa Tangawizi, akavuta kanga mpaka magotini. Akasema ikiwa imbwa inapata nafuu, yeye ana kosa gani. Tulicheka mpaka shangazi yako akaja kuuliza kuna nini. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu sijacheka hivyo tena.

Sikudanganyi kwamba alipona. Papa Tangawizi mwenyewe hakusema hivyo hata siku moja. Nilipomuuliza kama mguu utarudi ulivyokuwa, alitikisa kichwa akasema, "Sindano hapana fanya mufupa mupya. Inapumzisha tu." Lakini alipumzika kweli. Msimu mzima aliamka bila kuburuta mguu, alikufuata mpaka mtoni, alilala usingizi wa kuota akitingisha makucha. Papa Tangawizi akaniwekea mkono wangu juu ya mkono wake, akanifundisha kutafuta yale mashimo kwa kidole gumba, na mimi niliyekuwa nakwepa hata kivuli cha mbwa nikawa namchoma sindano mwenyewe, halafu nanawa, vidole vinapasuka kwa udongo na kunawa.

Kisha mambo ya Kabambare yakaharibika kama unavyojua. Watu wenye silaha wakaingia kule kwenye dhahabu, mashine zikasimama, na yeye na wenzake wakaondoka kwa haraka. Alipita sokoni gari likiwa linaunguruma. Aliniachia kiboksi cha sindano na mfuko wa mizizi, akanunua tangawizi, akaenda. Mpaka leo sijui kama alifika kwao. Mjomba wako naye alikimbia kijiji na watoto wake kwa muda, na waliporudi hawakukuta hata mlango.

Mizizi ikaisha. Sindano nikawa nachemsha na kurudia, zikipinda nanyoosha kwa kucha. Na hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu najua unavyojilaumu, nakusikia hata usiponiambia.

Zile pakti za vidonge zenye picha ya chui, zenye maandishi ya Kichina, nilizinunua mimi pale sokoni kwa muuza dawa. Hakuna aliyejua kilichomo, hata aliyeziuza. Maandishi yalinitosha. Nilijiambia kwamba dawa ya Papa Tangawizi imenifuata. Wewe ulimpa tu, ndani ya tonge la ugali, kwa mkono wako, kwa sababu mimi nilikuambia umpe. Siku ya pili alikimbia. Ulipiga vigelegele ukaita majirani. Mbwa mzee anaruka ukuta wa maua. Nami nikafanya ujinga wangu mkubwa: Kalume alipokuja, nikamwambia amchukue akawinde.

Kumbe hakuwa amepona. Alikuwa hasikii maumivu tu. Alikimbia porini kwa viungo vilivyokwisha, akaruka magogo, na hakuna kilichomwambia simama. Kalume alimrudisha akiwa amembeba mabegani kama mbuzi. Nyonga ilikuwa imevimba, hali chakula, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Yule daktari wa mifugo aliyepita kwa chanjo ya mbuzi aliitazama pakti, akasema nyingi za aina hii zinachanganywa na dawa kali za kuua maumivu, na ndizo zinazotoboa tumbo. Hukulala siku zile. Ukaniambia utasoma kutibu wanyama, hata iwe mbali namna gani. Ni kidonda hicho kinachokupeleka Lubumbashi kesho, nami sijui nikushukuru au nikuonee huruma.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi ya mwingine, nikayafunika kwa kidonge, nikashangilia. Utakapokuwa daktari watu watakuja kwako wakitaka hicho hicho nilichotaka mimi, mnyama aruke leo. Sijui utawajibu nini. Mimi ningewajibu vibaya.

Sasa hali yake ya leo, ambayo nimekuficha wiki mbili hizi ili ufanye mambo yako ya safari kwa moyo mkunjufu. Usiku analia kwa sauti ya chini, na nikimgeuza ndipo ananyamaza. Hawezi kwenda nje peke yake. Mimi humwinua kwa kitambaa chini ya tumbo kabla hujaamka, nafuta, nabadilisha majivu, na wewe unamkuta mkavu. Alhamisi nilimchoma sindano pale pale tunapojua, taratibu kabisa. Hakupiga miayo. Alinitazama tu, akatetemeka ngozi, halafu akageuza kichwa akaniramba kidole kana kwamba ananiomba niache. Nilizitoa zote. Sitazirudisha tena, hazina mahali pa kupumzisha.

Nimemtumia Kalume ujumbe. Atakuja Jumamosi ammalize Watasema, asiteseke tena. Nitamshika kichwa mimi, asife akitafuta mtu. Tutamzika nyuma, mbali na maji ya bati. Sina dawa nyingine, mwanangu, wala ya Kichina wala ya kwetu. Ningekuwa nayo hata ya uwongo, labda ningempa tena, ndivyo nilivyo dhaifu. Na baada ya Jumamosi nyumba hii itakuwa na mimi na mkeka wa marehemu bibi yako ambao hauna mtu. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli. Usije ukaambiwa na wengine kwamba mama yako aliachwa akiwa mzima. Waliotoka hapa kwenda kusoma, ni wachache niliowaona wakirudi, na siwalaumu. Warudi kufanya nini?

Nilikuwa nimeshapanga. Barua hii ningeiweka chini kabisa ya begi lako, ndani ya ile kanga ya bluu, uikute Lubumbashi wakati mambo yote yamekwisha. Ungelia mbali, nami nisingekuona. Shangazi yako alisema ndivyo akina mama wanavyofanya. Nimekaa na wazo hilo tangu adhuhuri, na kadiri ninavyoandika naona ni kidonge kingine chenye picha ya chui. Ungeondoka unakimbia, huumwi popote, halafu ungeanguka peke yako mahali ambapo sina mikono ya kukubeba.

Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya pikipiki. Najua ninachocheza nacho. Ukijua, unaweza kukataa kupanda. Treni ya kituo cha Samba ikikupita hakuna ajuaye nyingine itakuja lini, na nafasi yako Lubumbashi atapewa mwingine, na utakaa hapa uuze tangawizi pembeni yangu, na mimi moyoni nitashangilia kama nilivyoshangilia mbwa alipokimbia. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Sehemu yangu inaomba ubaki. Si ndogo.

Basi ukimaliza kusoma ingia jikoni umuage, utachukua muda unaoutaka, mwenye pikipiki atangoja. Usimpe kitu cha kula. Mwambie unakwenda na hutamwona tena, anaijua sauti yako kuliko maneno. Mimi nitakuwa nje nimelipa jiko mgongo, nikifunga begi lililokwisha kufungwa. Ukitoka panda moja kwa moja, usije kunikumbatia. Nikikushika nitakuambia baki, Zuhura, na wewe utabaki.

Mama yako